Mikono Iliyokataa Simiti

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, Ubaid Msellem amekunja suruali hadi magotini na anakanyaga udongo. Hakanyagi ovyo kama mtu anayevuka dimbwi. Kisigino kinatangulia, mguu unazunguka kidogo, kisha unanyanyuka kwenda hatua inayofuata, mpaka anaumaliza mduara wa shimo na kuanza upya.

Ndani ya shimo mna udongo mwekundu, mchanga, majani makavu yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe. Maji ya kuchanganyia si maji matupu. Ni yale yaliyolowekwa vipande vya mpungate, ule mmea mnene wa miiba, tangu jana hadi yakawa na utelezi. Ubaid anainama, anachota donge, analiviringisha viganjani hadi linakuwa refu na jembamba, kisha analiachia lining'inie. Linakatika mapema.

"Bado una mchanga mwingi," anasema, na kwenda mwenyewe kuchota karai la udongo wa kichuguu.

Hapa ni Migungani, kijiji cha watu thelathini na mmoja kilichoko bara ya Gongoni, mwendo wa dakika hamsini kwa bodaboda kutoka viwanda vya chumvi. Watu wa Gongoni hupaita Jangwani kwa utani, na mgeni akifika mara ya kwanza haoni utani uko wapi. Ni miiba, mawe na vumbi. Halafu anaingia lango la kijiji na kukuta mipapai, kunde, na nyumba za udongo zenye kuta nene, ambamo hata saa nane mchana watu hukaa bila kujipepea.

Wenyeji walifika miaka tisa iliyopita, wachoma makaa walipokwisha kumaliza miti na kuhama. Walichimba mitaro ya kuyashika maji ya mvua yasikimbie, wakapanda, wakajenga kwa kilichokuwa chini ya miguu yao. Kila mwaka hupokea wanagenzi wachache wanaokaa miezi tisa kujifunza kilimo cha nchi kavu na ujenzi wa udongo. Wengi ni vijana waliotoka chuoni. Ubaid ana miaka arobaini na minne, na amebakisha wiki moja kumaliza.

Wala hakuja hapa kufundishwa kushika mwiko. Ni mzaliwa wa Barani, Malindi, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa fundi mwashi wa kutafutwa. Amepiga plasta hoteli, nyumba za kupangisha na msikiti mmoja. Alikuwa akilipwa shilingi elfu moja na mia tano kwa siku, na mwenye nyumba akiwa na haraka, elfu mbili.

"Plasta yangu mie ulikuwa unaweka jicho pembeni ya ukuta, huoni wimbi," anasema, na hajaribu hata kidogo kujishusha.

Kilichomwangusha ni mikono. Ilianza kwa mwasho baina ya vidole. Baadaye ngozi ikawa inapasuka na kutoa maji, hata kula wali kwa mkono ikawa adhabu. Alivaa glavu, jasho likazidisha. Alipaka mafuta ya nazi, akapaka ya habasoda, akapaka alichouziwa na kila aliyekuwa na cha kuuza. Mwishowe daktari wa ngozi alimweleza kwamba ana mzio: mwili wake umeikataa simiti na hautaikubali tena.

"Nikamuuliza, daktari, sasa nile nini? Akaniambia nitafute kazi nyingine. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Kazi nyingine sina. Sijawahi kuwa nayo."

Alikaa nyumbani miezi mitano. Mkewe Shekha, ambaye kila asubuhi huuza mahamri na mbaazi, ndiye aliyeendesha nyumba na kumlipia karo Mahira, binti yao aliyeko sekondari. Ubaid akawa wa kubeba ndoo za unga na kugombana na redio. Anakiri kwamba zile siku zilimuuma kuliko mikono.

Habari za Migungani alizipata kwa kibarua aliyewahi kufanya naye kazi. Alipoambiwa kuna watu wanajenga pasi na mfuko hata mmoja wa simiti, alicheka. Kwake, kama ilivyo kwa wengi mjini, nyumba ya udongo ni ile mtu anayokaa akisubiri pesa za kujenga nyumba. Lakini siku zilivyozidi kwenda, kicheko kilimwisha. Huo ulikuwa ujenzi, na haukuwa na simiti.

Shekha hakupendezwa. Posho ya mwanagenzi ni shilingi elfu tano kwa mwezi na chakula, na hiyo angeivumilia. Lililomkaa kooni ni jingine. Alimuuliza mumewe, akimaliza hiyo miezi tisa, ni nani katika mji wa Malindi atakayemlipa fundi amjengee kwa matope. Ubaid aliondoka mwezi wa Agosti mwaka jana na swali hilo hilo kwenye mkoba, pamoja na timazi yake na pimamaji.

Mwalimu aliyemkuta huko ni Idah Dzombo, mwenye miaka ishirini na minane. Alifunzwa kukandika na bibi yake huko kwao Marafa, kisha akajifunza mengine hapo hapo kijijini. Ubaid anasimulia kuhusu siku za mwanzo huku akitikisa kichwa. Ukuta wake wa kwanza aliupandisha kwa siku moja, kutoka msingi hadi usawa wa dirisha, kama alivyozoea. Asubuhi Idah alifika, akauangalia, akabonyeza kidole kwenye kiungo cha tofali.

"Shikamoo, Baba Mahira," alimwambia. "Huu ukuta tuubomoe."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Umeenda mbio. Safu za chini hazijakauka, na wewe umezitwika za juu."

Ikawa hivyo kila siku: shikamoo kwanza, hukumu baadaye. Kwa adabu Idah hakumkosea hata mara moja, na Ubaid anasema hilo ndilo lililomchoma, maana mtu akikutukana una pa kushika. Huyu alikuwa akimwamkia, kisha anambomoa.

Kilimo nacho kilimtoa jasho. Mtoto wa mjini, alikuwa hajawahi kushika jembe ila la kukorogea zege. Wiki ya kwanza aliimwagilia mipapai saa saba mchana, maji yakanyonywa na jua kabla hayajafika mizizini. Halafu ikaja habari ya udhu. Alikuwa akitawadha pembeni ya nyumba, maji yakimwagika kwenye mawe. Jedida Mwenda, mtunza mbegu wa kijiji, alimwita na kumwonyesha mche mmoja wa papai. Jedida ni Mkristo kutoka Meru, alifika pwani zamani kufanya kazi ya chumvi, na si mtu wa kuzunguka mbuyu. Alimwambia maji hayo yana kazi nyingine yakishamaliza ya kwanza, basi atawadhie hapo. Tangu siku hiyo mche huo unanywa mara tano kwa siku, na ndio uliotangulia kuzaa.

Mwezi wa Septemba Ubaid alikabidhiwa kazi yake mwenyewe, ghala la mbegu. Alijenga taratibu, safu kwa safu, na Idah hakupata cha kubonyeza. Walikandika pamoja ukuta wa nje kwa udongo na samadi, ukakauka, ukawa na rangi ya kahawia na mikunjo midogo ya viganja.

Hapo ndipo fundi wa Malindi alipomshinda mwanagenzi. Ukuta wa mbele unaangalia njia wanakopita wageni, na Ubaid hakuweza kuutazama bila kuona aibu. Pwani kuna desturi ambayo hakuna asiyeijua: nyumba ya udongo ikikaribia kuwa na harusi au mgeni wa maana, upande wa mbele huvalishwa simiti ili ionekane ya mawe. Ubaid mwenyewe amezivalisha nyumba kama hizo zaidi ya ishirini, na kila mara huwa ameshalipwa na kuondoka kabla mvua haijanyesha.

Ijumaa moja alikwenda Gongoni kuswali. Alirudi na nusu mfuko wa simiti ndani ya gunia la pumba. Kesho yake kijiji kizima kilikwenda matangani kwa jirani, naye akajitolea kubaki kulinda. Alifunga mifuko ya plastiki mikononi na kupiga plasta upande wote wa mbele. Ulipokauka kidogo, akaupaka juu udongo mwekundu mwembamba kwa sponji. Aliporudi Idah, aliusifu.

"Nilifurahi siku ile, siwezi kukuficha," anasema Ubaid. "Nilijiona nimekuwa mie tena."

Furaha ilidumu siku tatu. Mifuko ya plastiki ilikuwa imevuja, na mikono ikafura, ikapasuka upya. Idah aliiona wakati wa chakula na kumuuliza kama amegusa simiti. Ubaid alijibu kwamba ni chokaa ya chooni iliyomrukia. Idah akamwamini, akamkataza kazi kwa wiki nzima, na kila jioni akawa anamletea mshubiri wa kupaka.

Mvua za vuli mwaka huo zilikuja na upepo. Ziliupiga ukuta wa mbele siku nne mfululizo. Simiti haishikani na udongo, huukalia tu kama ganda, na ganda hilo lilikuwa limeshaingia nyufa. Maji yalipenya nyuma yake na kukosa pa kutokea. Siku ya tano, watu wakiwa kwenye kifungua kinywa, ubao mzima wa plasta uliporomoka na kuondoka na nusu ya ukuta. Ndani, vibuyu vinne vya Jedida vilikuwa vimepinduka kwenye matope. Vilikuwa na mbegu za kunde nyeupe zinazovumilia ukame, ambazo alikuwa amezichagua na kuzipanda upya kwa misimu sita.

Hapakuhitajika mpelelezi. Kifusi kilikuwa chini, kijivu, kila mtu akikiona.

Kijijini hapo, mwanagenzi akiharibu, wakaazi wote huketi kuamua kama atabaki. Walikutana jikoni alasiri ile. Ubaid alikaa akitazama mikono yake, na anasema alishaanza kuhesabu atamwambia nini Shekha. Akifukuzwa, hakuwa tena na mlango wa kubisha. Waliozungumza walizungumza kuhusu ukuta. Jedida ndiye aliyekuwa amepoteza zaidi, na alisema la mwisho.

"Mbegu zimelowa, hilo limepita," alisema. "Mimi ninauliza moja. Idah alikuuliza mikono imekuwaje. Ulimjibu nini?"

"Nilimdanganya," akasema Ubaid.

"Basi mwambie yeye. Usituambie sisi."

Mwanamume wa miaka arobaini na minne aligeuka kumtazama msichana anayemwamkia kila asubuhi. Hata sasa, anaposimulia, sauti inampungua. "Nilimwambia, mwanangu, nisamehe. Niliuonea aibu ukuta nikakudanganya wewe, nawe ulikuwa ukiniletea dawa. Sijawahi kuona uso wangu ukiwa mzito vile."

Idah, kwa upande wake, anakumbuka kwamba hakujua aangalie wapi. Hasira alikuwa nayo, na mtu mzima mbele yake alikuwa akilia. Alijikuta akimwambia tu kwamba kesho waanze kubandua kilichobaki, asubuhi kabla ya jua.

Wakaazi waliamua abaki, kwa sharti. Asingegusa ukuta mpaka arudishe kunde. Katika vile vibuyu vinne vilivyolowa, Jedida alikuwa ameokoa mbegu za kujaa kiganja kimoja na nusu. Alimkabidhi Ubaid zote, bila kujiwekea akiba hata punje.

Kwa hiyo fundi mwashi akawa mkulima wa kunde. Alichimba vishimo, akatia samadi, akafunika kwa majani makavu ili unyevu usitoroke, akatumia maji ya mvua ile ile iliyomwangushia ukuta. Alizilinda dhidi ya paa na kanga. Shekha alipopiga simu kuuliza kazi ya ujenzi inaendeleaje, alimweleza ukweli wote, na kwa siku mbili Shekha hakupiga tena. Siku ya tatu alipiga kuuliza kunde zimefika wapi.

Mwezi wa Februari alivuna vibuyu viwili na ushee. Jedida alizimwaga kwenye ungo, akazipepeta, akatoa mbovu saba na kumwambia arudi kwenye ukuta wake.

Safari hii Ubaid aliinua msingi wa mawe hadi magotini, maji ya chini yasiufikie udongo. Paa akalitoa nje kwa hatua moja ili mvua ya upande isifike ukutani. Alikandika mara tatu, na kila tabaka akalisubiri likauke. Tabaka la mwisho, hili lenye maji ya mpungate, alilisugua kwa jiwe laini hadi likang'aa. Hakuna aliyemwagiza kusugua. Idah alipitisha kiganja juu yake na kuuliza alifunzwa wapi, na Ubaid akamjibu kwamba plasta ni plasta, mkono wake ni ule ule.

Masika ya mwaka huu yalianza Aprili. Kabla ya tone la kwanza, Jedida alikuwa amesharudisha mbegu zake zote ghalani, na hakumwambia. Ubaid aligundua siku ya pili ya mvua alipomwona anatoka humo na ungo. Alisimama nje akilowa, akimngoja aseme neno.

"Pakavu," alisema Jedida, akaenda zake jikoni.

Leo, Mei ikielekea ukingoni, ghala limesimama. Mikono ya Ubaid ina sugu na kucha zenye udongo, lakini ngozi ni nzima. Anaigeuza huku na huku kuionyesha, kama mtu anayeonyesha kitu alichokuwa amekiazima. Kilichobaki ni lile swali la Shekha, na asubuhi hii hii linafika kwa simu.

Mpigaji ni bwana mmoja wa Mambrui aliyetembelea kijiji wiki mbili zilizopita. Anataka nyumba ya udongo ya vyumba vitatu kwa ajili ya mamake, ambaye joto linamtesa. Ujira ni shilingi elfu tisini. Ubaid ameegesha simu juu ya ukuta kwa sababu viganja vimejaa udongo, na kila kitu kinasikika. Mapatano yanakwenda vizuri mpaka yule bwana anapotaja upande wa mbele. Huo, anasema, apige simiti, watu wasije wakanong'ona kwamba amemjengea mamake kibanda.

Ubaid anamweleza kuhusu ganda, nyufa na maji. Anamwahidi ukuta uliosuguliwa hadi kung'aa. Anamwalika aje auguse. Mwenzake hataki kuja kugusa, anataka simiti.

"Siwezi, sheikh wangu," anasema Ubaid mwishowe. "Pesa zako nazihitaji, na Mungu anajua. Lakini nyumba ya mamako itaanguka, na mie nitakuwa nimeijua siku hiyo kabla yako."

Yule bwana anamjibu kwa upole kwamba basi atatafuta fundi mwingine. Simu inakatika.

Ubaid anaketi kwenye ukingo wa shimo. Hiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza ya mjini tangu mikono imshinde, na hajifanyi kwamba haimuumi. Idah, aliyekuwa akichekecha mchanga karibu, amesikia yote. Anaendelea kuchekecha, ila polepole zaidi.

Baada ya muda Ubaid anampigia mkewe. Nyuma ya sauti ya Shekha mafuta yanachemka, kumbe bado wateja wa mahamri hawajaisha. Anamwambia kazi ya Mambrui imekwenda. Shekha anauliza ilikuwa ya kiasi gani, naye anatajiwa. Mteja mmoja anasikika akidai chenji.

"Wamekataa kwa sababu hawajauona," anasema Shekha. "Wewe njoo. Hapa mbele ninapopikia, chini ya turubai, pajengee chumba. Ni barabarani, kila mtu anapita."

"Cha udongo?" anauliza Ubaid.

"Cha udongo. Na usikipake kitu kingine juu. Atakayeuliza nitamjibu mimi."

Ubaid anafuta macho kwa upande wa juu wa mkono, maana viganja havifai. Anataka kuanza mara tu atakapofika Barani Jumamosi ijayo, ili kuta ziwe zimekauka kabla ya vuli. Idah, akiwa bado na chekecheke mkononi, anasema naye atakwenda kuupima udongo wa huko. Ubaid anamwomba Shekha asikate simu, aache kikaango kidogo, apime kwa hatua mahali penyewe. Shekha anasikika akiwaambia wateja wasogee. Kisha anaanza kuhesabu kwa sauti, na watu wawili kule Migungani wanasimama wakimsikiliza mpaka anapofika tisa.